Pilau ya Kusikiliza

Mwantum, mpishi wa harusi, alifika dukani kuchagua jenereta akiwa amebeba jiko la mkaa na sufuria ya pilau. Zamani Dodoma nzima ungelitafuta jenereta usilione. Siku hizi unachagua. Akawasha jiko mlangoni, akainjika sufuria.

"Washa hilo kubwa, mwanangu."

Likanguruma mpaka vioo vikatetemeka.

"Hili linabeba friji, taa na muziki!" muuzaji alipaza sauti. "Hata wakikuita kupika kijijini Chamwino!"

Mwantum aliinamia sufuria, akatega sikio. Hakusikia kitu.

"Zima. Washa lile dogo."

"Mama, lile ni la taa tu. Harusi bila muziki?"

"Muziki watajua wenyewe. Mimi pilau naipika kwa sikio."

Dogo likakoroma taratibu. Akainama tena, mvuke ukamlowesha shavu. Ndani maji yalitokota, yakapungua, kisha mchele ukaanza kunong'ona kwa ukavu. Hapohapo akapalia makaa juu ya mfuniko.

Baadaye alipofunua, wateja waliacha kuulizia bei.

Muuzaji alionja kijiko kimoja. Akachota cha pili.

"Mama," alisema, "Jumamosi una nafasi? Dada yangu anaolewa Mkonze."