Nguchiro na Amri ya Siku Nne

Nguchiro hakuwa mnyama wa kukaa kitako. Hata akila, miguu ilikuwa njiani. Siku moja aligombea shimo na Ngiri, na kesi ikafika mbele ya Kakakuona, mwamuzi wa baraza la mashimo.

"Hadi Ijumaa nitakapotoa hukumu," akasema Kakakuona, "asilale humo yeyote. Hii ni amri ya muda tu."

"Nilale nje siku nne? Naomba ruhusa ya kukata rufaa!"

"Sikupi. Tulia, mwanangu. Mhanga aliyekuchimbia shimo hilo atatoa ushahidi Ijumaa hiyo hiyo."

Lakini kutulia kulimwasha Nguchiro kama upupu. Akakimbilia ng'ambo ya mto kwa Tembo, mkuu wa rufaa, akawa anazunguka mlangoni akiuliza, "Zamu yangu bado?" Ijumaa adhuhuri Tembo akachoka naye. "Haya, ruhusa umepata."

Nguchiro akarudi mbio akishangilia. Akamkuta Ngiri amejikita shimoni, meno yake marefu yakitazama nje.

"Toka! Nimeruhusiwa kuikatia rufaa ile amri!"

"Amri gani, ndugu yangu?" akauliza Ngiri. "Ile imekwisha leo asubuhi, hukumu ilipotolewa. Uliitwa mara tatu, hukuitika. Mhanga naye alikuja, lakini desturi ya baraza unaijua: shahidi hasikilizwi bila aliyemwita."

Basi Nguchiro, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akakaa kitako. Akakaa nje.