Ukucha wa Kidole Kidogo

Oili nyeusi ilipotoka mkononi, niliona kwamba ukucha mrefu wa kidole changu kidogo haupo.

"Niliukata jana, Baba, uliposinzia kitini," binti yangu alisema, huku akinimiminia maji ya kunawa. "Ulikuwa unatutia aibu."

Ukucha ule ndio kipimo changu. Asubuhi nilikuwa nimepanua tundu la moshi kwenye silinda ya msumeno wa injini wa mama yake, ili injini ipumue vizuri. Kupanua si kazi, tupa yoyote inapanua. Kazi ni kulainisha ukingo, maana ukibaki na ncha, ringi ya pistoni inanasa na injini inakwama. Kwa hiyo huwa napitisha ukucha. Ukikwaruza, narudia msasa.

Leo haukukwaruza hata kidogo. Nikajisifu, nikafunga injini.

Mke wangu alikuwa ng'ambo ya barabara, amejifunga kamba juu ya mti, na tawi nene kama pipa limetanda juu ya kichwa chake. Alikuwa ameshalikata nusu, nalo limeanza kulia kwa kupasuka.

"Baba Watoto!" alipaza sauti alipopunguza moto. "Leo msumeno una hasira! Mikono yako ibarikiwe!"

Nilitimua mbio hadi barabarani nikipunga mikono yote miwili, maji yakichuruzika viwikoni.

"Zima! Zima ushuke!"

Akadhani nashangilia. Akacheka, akaongeza moto.

Injini ikanyamaza ghafla.

Tawi halikunyamaza.