Bila Muziki

Siku hizi kalenda ya kituo chetu cha uokoaji haisubiri mtu aandike shughuli zake. Huziona yenyewe mapema, harusi, mechi na mazishi, ili tujue pa kuegesha magari ya wagonjwa. Haijawahi kukosea.

Asubuhi hii iliitaja nyumba yetu: "Jumamosi. Watu wengi. Turubai moja. Wanaume barazani, wanawake ndani. Bila muziki."

Katika nyumba hiyo tunaishi wawili tu, mimi na mama.

Niliomba ruhusa, nikarudi nyumbani. Nilimkuta mama ukumbini, mguu wake uliovimba ameuweka juu ya kigoda.

"Umefukuzwa kazi, Zaharani?"

"Jumamosi tuna wageni, mama. Kalenda imesema."

Alinitazama, kisha akacheka. "Kumbe unaoa, nawe umenificha. Binti wa nani?"

"Utamwona," nikasema.

"Basi niletee ungo nichambue mchele. Na taarabu iwepo. Sitaki harusi ya kimyakimya kama matanga."

Nilimletea ungo, nikatoa simu, nikafungua kalenda na kuandika kwa hasira kwenye siku ile: taarabu, mpaka alfajiri. Maneno yakafutika. Nikayaandika tena. Yakafutika.

"Wanamuziki wamekubali?" aliuliza.

"Wamekubali, mama."

Akaanza kuimba kwa sauti ndogo huku akipepeta. Niliketi miguuni pake nikimwitikia; kalenda haikutaja matanga ni ya yupi kati yetu.