Herufi ya Kwanza

Kiharusi kilimwachia Mwalimu Tindwa maneno machache tu, na sasa mkewe Salafina ndiye aliyekuwa akimfundisha kusema. Miaka yote mwalimu alikuwa akimcheka mbele ya wageni kwa sababu ya Kiingereza chake kibovu. Mchana huo Salafina alimwandikia “light”, yaani mwanga, na “night”, yaani usiku, maneno yanayotofautiana herufi ya kwanza tu, kisha akasimama dirishani.

“Sema light, Mwalimu.”

Alikusanya nguvu zote, lakini ulimi ukamgomea. “Night.”

“Unataka usiku? Haya.” Akavuta pazia.

“Night!” alilia, akinyoosha kidole kwenye pazia.

“Nimekusikia, mume wangu.” Akafunga na dirisha.

Gizani, Mwalimu alisikia kiti kikivutwa karibu na kitanda, kisha pumzi ya mkewe sikioni.

“Sasa tujaribu fight.”