Makohozi Yaliyokwenda Ulaya

Teke la kwanza lilimpata Chausiku ubavuni. La pili lilimwaga uji wa mtoto.

"Toka! Ulikuja na TB yako hapa, sasa unataka kunizika mie!" Jabiri alifoka, mpaka kikohozi kikamkunja. Akatema damu, akajifuta, akamkamata shemeji yake nywele.

Chausiku aliugua TB usichanani, akatibiwa, akapona kabisa. Lakini Kiwalani nzima nani wa kumwamini? Mumewe, Bakari, alizama kwenye shimo la kuchimba mchanga lililojaa maji kule Chanika, akamwachia mimba ya Nusaiba. Jabiri, mdogo wa marehemu, aliapa kwamba siku ile alishinda kule Mwenge, Chanika hakukanyaga. Kikohozi kilimwanza hata matanga hayajaanuliwa. Vidonge vya TB amemeza mwaka mzima, wapi!

Bi Mwajabu, mama mkwe, alikuwa ameshamfungia nguo kwenye kanga.

"Nenda kwenu. Damu ya mwanangu inabaki hapa." Akamnyakua Nusaiba.

"Mama, bado ananyonya!"

Jabiri akamshindilia ngumi ya mdomo. Chausiku akaanguka, jino likabaki sakafuni.

"Hodi!"

Alikuwa Daktari Gaudens wa kliniki ya kifua. Alipoona damu, akaingia bila kukaribishwa.

"Mwache huyo dada, Jabiri! Si yeye. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si yeye vipi?"

"Makohozi ya Jabiri tuliyopeleka Ulaya yamejibiwa. Wamesoma vinasaba vya kijidudu chenyewe. Kina undugu na cha TB, ila si TB, tena ni adimu mno. Mtu hampi mtu. Kinaishi kwenye maji ya tope yaliyotuama."

"Basi kisima hicho," Jabiri alisema, sauti imeshuka, akijikuna kovu la kucha shingoni.

"Kisima tunakunywa sote," alisema mama yake.

"Kunywa tu hakutoshi, mama. Maji yameingia mapafuni, tena mengi. Huyu alinusurika kufa maji." Daktari akamgeukia mgonjwa, akatabasamu. "Usiogope, dawa ipo, utapona. Ulizama wapi, braza?"

Jabiri aliutazama mlango.

Bi Mwajabu alikuwa ameshautia komeo. Akamlaza Nusaiba mapajani mwa Chausiku, taratibu, kisha akaokota mchi.