Alama ya Sungura

Mama Sungura alimwashiria meneja anyamaze, akabandika sikio ukutani.

"Unasikia nini, mama?"

"Kitu kinakwaruza."

Meneja akacheka taratibu, akasema jengo ni la zamani na mabomba yake yana maneno mengi. Mama Sungura hakucheka. Kazi yake ilikuwa kukagua viwanda vya vipodozi, na jina lile alibandikwa kwa sababu ya alama aliyokuwa akiitoa: kichwa cha sungura, maana yake hakuna mnyama aliyeteswa kwa majaribio, wala ndani ya kopo hamna chochote kilichotoka kwa mnyama. Bila alama hiyo wanunuzi wa ng'ambo wasingegusa mzigo, na kiwanda kingepunguza watu. Nayo alama haikutoka bila neno lake.

Mwanzoni mwa mwaka, katika kiwanda kingine, alisogeza kabati akakuta sungura waliobanwa shingo kwenye mbao, macho yamevimba, kucha zikikwaruza masanduku. Kiwanda kile kilifungwa. Lakini mkwaruzo ulimfuata hadi nyumbani. Jioni akiwa anachambua mboga aliusikia: kwaru, kwaru, unakoma, unaanza tena. Alimwomba Mungu amwondolee, akaapa mbele zake kwamba hataweka alama juu ya mateso ya kiumbe chake chochote.

Kwa hiyo siku hiyo hakukubali kuharakishwa. Alinusa nta, isije ikawa ya nyuki. Ilikuwa nta ya majani. Aliuliza wekundu wa rangi ya midomo umetoka wapi, maana upo wekundu unaotokana na wadudu waliopondwa. Akaonyeshwa unga wa bitiruti. Mafuta ya sufu ya kondoo aliyatafuta mpaka kwenye rafu za juu, asiyaone. Mwisho akafunuliwa pipa la mafuta mapya, ambayo bado hayajapelekwa hata duka moja. Yalinukia majani mabichi baada ya mvua.

"Na mnajuaje kwamba hayachomi ngozi?"

"Kuna njia za kisasa, mama. Hapa hata nzi hatumgusi."

Kwaru, kwaru. Safari hii ulitoka nyuma ya mlango wa mwisho. Akauendea bila kuomba ruhusa. Meneja akamtangulia, akamfungulia mwenyewe, upesi, kama mtu asiye na la kuficha.

Hapakuwa na kizimba. Palikuwa na feni, benchi za mbao, kalamu ya wino wa zambarau iliyoning'inizwa kwa uzi, na wasichana kadhaa waliovaa nguo za mikono mirefu. Wanapumzika, meneja alieleza. Mmoja alikuwa amelala kifudifudi kwenye benchi la pembeni, amejifunika shuka gubigubi. Mama Sungura alichungulia chini ya benchi zote, akafungua kabati, akagonga kuta. Wasichana wakakonyezana. Mmoja akasema huyu mama akikosa sungura leo atatupima sisi masikio. Wakacheka, isipokuwa yule aliyelala.

Akaona haya. Akajiambia ni masikio yake tu, yamezeeka na yameona mengi. Akatoa alama, akaibandika kwa mkono wake kwenye kioo cha mlango wa mbele.

Alipitia ofisini kwanza, ndipo akarudi nyumbani. Alimkuta binti yake anaosha vyombo. Ni kitinda mimba wake, na tangu baba yao afariki walibaki wawili katika nyumba ile ya kuta za mbao. Binti huyu ndiye aliyekuwa shukrani yake ya kila sala. Zamani walikuwa hawapikiki chungu kimoja kwa ajili ya nguo za kuacha mabega nje. Tangu apate kazi ya kuchapa barua, mwanzoni mwa mwaka, binti amejistiri mwenyewe hadi shingoni, hata joto likiwa la kuangusha mtu. Mama hakuuliza kitu, asije akaharibu kazi ya Mungu. Hata madoa ya zambarau kwenye shuka aliyafua kimya. Mtu wa ofisini hakosi wino.

"Kile kiwanda ulichosema asubuhi, kimepita?" binti aliuliza bila kugeuka.

"Kimepita. Nimekagua hadi uvunguni. Hakuna kiumbe aliyeguswa."

Binti akasuuza sahani ile ile mara ya pili, maji yakimdondoka.

"Afadhali," alisema. "Kazi za watu zimepona."

Akaisimamisha sahani taratibu, akaenda chumbani kubadili nguo.

Mama alipiga magoti sebuleni kushukuru. Hakufika mbali. Kwaru, kwaru. Alifumba macho, akaomba kwa sauti ili aufunike, akasema amina, na mkwaruzo haukukoma. Ndipo akainuka na, kwa mara ya kwanza, akaufuata badala ya kuukimbia. Aliweka kiganja kwenye ubao wa ukuta. Ubao ulikuwa ukitetemeka. Akapita jikoni, akapita stoo, mtetemo ukizidi, mpaka kwenye mlango wa chumba cha binti, ambao haukufungwa vizuri.

Binti alikuwa amempa mgongo, gauni limeshushwa hadi kiunoni, ameuma taulo, akikwaruza ukuta kwa kucha ili asijikune. Kutoka mabegani hadi kiunoni alikuwa amechorwa visanduku vya wino wa zambarau, kila kimoja na namba yake, na chumba kizima kilinukia majani mabichi baada ya mvua.