Jiwe la Pili

Nyamizi alifika kwenye upimaji na jembe begani, na pamba ilikuwa imeshavunwa zamani. Hapakuwa na cha kulima.

Luhende aliliona wa kwanza. "Shemeji, leo tunapima, hatupalilii," akasema, na watu wakacheka kidogo. Nyamizi akamjibu mwangaluka, kama anavyosalimiwa jirani yeyote, akaketi chini, jembe mapajani.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Machibya, mume wa Nyamizi, alipofariki, Luhende, ndugu yake na jirani wa shamba, alisogeza ua wake wa minyaa ukala kipande cha bondeni, kile chenye majaruba ya mpunga. Watu wa Sapiwi waliona, wakanyamaza, maana Luhende ana ng'ombe, na wengi hulimia plau yake. Nyamizi peke yake hakunyamaza. Akaambiwa aolewe, akakataa. Akaambiwa auze ahame, akakataa. Alikwenda baraza la ardhi Bariadi mpaka walinzi wa getini wakamjua kwa jina. Mwishowe baraza likaamua: mpaka ufuate ramani ya zamani, upimwe kutoka kwenye mawe yale yale ya upimaji ya zamani. Yasipopatikana, ua wa minyaa ndio mpaka, na kesi imekwisha.

Mpima ardhi, Theonest, kijana wa mjini, aliwaeleza watu bila haraka. Jiwe moja halitoshi. Linakuambia umesimama wapi, halikuambii unatazama wapi. Ni lazima asimike mashine juu ya jiwe la kwanza, alenge la pili, ndipo apate mwelekeo wa kuaminika. La kwanza alikuwa amelipata asubuhi kwenye uwanja wa kanisa, zege lenye msumari wa shaba kichwani, halina hata ufa. La pili ndilo lilimhangaisha.

"Mengine yalishachimbwa," Luhende akamwambia. "Walipita vijana hapa, mwaka ule ule alipokufa Machibya. Wanasema chini ya mawe hayo Mjerumani alificha rupia. Wamefukua vilima vyote."

Ni kweli walifukua. Ni kweli pia kwamba walilala kwa Luhende na kula kwa Luhende. La kanisani tu hawakuthubutu kuligusa, kwa sababu ya msalaba.

Theonest akafuata kifaa chake cha mkononi, watu nyuma yake, mpaka kwenye mwinuko wa shamba la Nyamizi. Pale palikuwa na kaburi dogo la saruji lenye msalaba wa mti. Kila mtu alilijua. Lilikuwa la mtoto wa mwisho wa Machibya, aliyezaliwa baada ya baba yake kufa, naye hakuwahi kulia. Mtoto wa hivyo huzikwa na wanawake peke yao. Wanaume hawaendi, wala hawaulizi. Mimba yenyewe wengi hawakuwa wameiona, maana mjane aliyejitanda kanga mbili haangaliwi sana. Waliosikia walisikia kwa mkunga, bibi Klementina. Wachungaji walipopita na ng'ombe wakakuta saruji mbichi, wakavua kofia. Hata wale wasaka rupia walipofika hapo walizunguka kwa mbali.

Theonest akalizunguka kaburi, akarudia tena. Akatazama kifaa, akatazama chini. Kisha akamwomba Nyamizi radhi, akasema vipimo vinamleta hapa hapa. Huenda waliozika hawakujua kilichokuwa chini.

Miaka yote Luhende alilicheka kaburi lile, akisema vilabuni kwamba shemeji amepanda mtoto ili avune shamba. Sasa akasimama mbele ya kaburi, mikono ameitanua. Akasema kufukua mtoto ni kuleta laana, mvua itakatika kijiji kizima. Mpima aandike tu kwamba jiwe halikupatikana.

"Nalo likipatikana?" Nyamizi akauliza, ameketi tena chini, kando ya kaburi.

"Mpaka utapita utakapopita. Hata katikati ya zizi langu, na hawa wote mashahidi." Luhende akatabasamu. "Lakini nani atafukua, shemeji? Wewe?"

Nyamizi akasimama.

Mwenyekiti wa kitongoji akamshika mkono, akamsihi. Shamba ni shamba, mtoto ni mtoto, na dunia itamwonaje? Nyamizi akautoa mkono wake taratibu. Alimwambia kwamba tangu Machibya afe kazi ya watu ni kumwambia acha, acha, na kama dunia ina macho, ingeona ua wa minyaa ulipokuwa ukitembea.

Akamtazama Klementina. Bibi yule alikuwa ameshang'oa msalaba na kuulaza pembeni.

Luhende akatafuta wa kumzuia, hakumpata. Wanawake walikuwa wamelizunguka kaburi, bega kwa bega, na hakuna mwanamume aliyetaka kuwasukuma. Theonest aligeuka akatazama upande wa kanisa. Jembe likapanda, likashuka. Saruji ilikuwa nyembamba kuliko ilivyoonekana.

"Geuka, baba," Nyamizi akamwambia mpima. "Huyu unaweza kumtazama."

Ndani palikuwa na kanga iliyokunjwa vizuri. Klementina akapiga magoti, akaifunua pindo kwa pindo, kama alivyowafunua watoto wote aliowapokea Sapiwi, mpaka kikatokea kichwa cha zege chenye msumari wa shaba katikati.

Luhende akainama kuchungulia shimoni, akimtafuta mtoto.

"Hakuna, Luhende," bibi akasema. "Tulimzika huyu tu."